Sukari inashuka hadi 2.1 lakini CT skani iko safi, sasa tupime nini?

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana nyumbani. Ujumbe wako ni mrefu na una mambo mengi ndani, ngoja niufupishe kwanza ili wengine wanaosoma wajue tunajibu nini. Dada yako ana miaka 43, mwalimu wa shule ya msingi huko Morogoro, toka mwaka jana akichelewa kula asubuhi anaanza kuongea vitu havieleweki, jasho linamvuja, anatetemeka, na mara mbili kaanguka akakakamaa hadi akaanzishiwa dawa za kifafa. Ramadhani ndo ilikuwa balaa kabisa, ikifika alasiri hajitambui, wengine wakasema majini akasomewa. Siku moja nesi akamchoma kidole akiwa kwenye ile hali, kimashine kikasoma 2.1 (sukari zote humu ni kwa milimoli kwa lita), wakampa juisi na baada ya muda mfupi akawa anauliza mbona watu wamejaa. Siku nyingine ikasoma 2.6. Baada ya hapo kafanyiwa altrasaundi ya tumbo, CT skani, na kipimo cha insulini, vyote vimerudi vimeandikwa kawaida. Amenenepa pia. Mama yenu ana kisukari cha vidonge na wanakaa wote nyumba moja. Unauliza mambo matatu: CT ikiwa safi na insulini ikiwa kawaida ina maana hana uvimbe wa kongosho? Pili, daktari anataka kumlaza amfungishe kula hadi siku 3, si ndo kummaliza? Na tatu, mchange muende India moja kwa moja au vipi.

Kwa haraka haraka: hapana, hapana, na bado. Sasa tukae tuongee vizuri.

Kongosho lina vijikundi vya seli vimetawanyika ndani yake, Paul Langerhans ndo alivieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari kule Berlin, na humo ndimo zimo seli zinazotengeneza insulini. Kwa mtu mzima wa afya sukari ikianza kushuka tu zile seli zinapunguza insulini, na ikifika chini ya 3.0 insulini inakuwa karibu hakuna kabisa kwenye damu, ini linamwaga sukari lililohifadhi, mwili unaanza kuchoma mafuta, maisha yanaendelea. Uvimbe tunaouita insulinoma ni hizo seli zimeota mahali pake na hazisikii tena amri, ni bomba ambalo koki yake haifungi, sukari iko 5 inamwaga, sukari iko 2 inamwaga. Ni ugonjwa adimu, inakadiriwa wagonjwa kama 4 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, ndo maana daktari wa zahanati anaweza kustaafu hajauona. Ila uzuri wake ni kwamba karibu 9 kati ya 10 sio saratani, mara nyingi ni kimoja tu, na wengi wana uvimbe usiozidi sentimita 2, ukitolewa mtu anapona kabisa. Hapo hapo ndipo kuna ugumu maana kitu cha ukubwa wa sentimita moja na nusu kujificha kwenye kongosho sio kazi hata kidogo.

Historia kidogo tu maana inasaidia kuelewa. Insulini yenyewe ilianza kuchomwa kwa wagonjwa Toronto Januari 1922, na madaktari wakaona wagonjwa waliozidishiwa dozi wanatoka jasho, wanachanganyikiwa, wanadondoka. Mwaka 1924 Seale Harris wa Marekani akasema jamani mimi nina watu wenye dalili hizi hizi na hawajachomwa insulini kabisa. Mwaka 1926 William Mayo akampasua mgonjwa mmoja wa hivyo akakuta uvimbe wa kongosho umeshasambaa hadi kwenye ini, hakupona. Ila 1929 huko huko Toronto Roscoe Graham akautoa uvimbe kwa mgonjwa mwingine na akapona. Sasa ikawa kila anayetetemeka asubuhi anataka kupasuliwa tumbo, ndo daktari wa upasuaji Allen Whipple wa New York miaka ya 1930 akaweka masharti matatu kabla hujamgusa mtu na kisu: awe na dalili za sukari kushuka, sukari ipimwe wakati huo huo wa dalili ionekane kweli iko chini, na akipewa sukari dalili zitoke. Masharti yale tunayatumia mpaka leo, miaka 90 hivi baadae.

Dada yako anayo yote matatu. Alichanganyikiwa, kimashine kikasoma 2.1, juisi ikamrudisha. Yule nesi kafanya kazi ambayo CT haikuifanya, mkimuona mumshukuru. Na Ramadhani ilikuwa inawaambia kitu kile kile, mtu anafunga saa 13 au 14 anapotea akili halafu akifuturu anakuwa mzima, hilo ni jambo la kupimwa sukari kabla ya kuitwa mtu wa kusoma.

Lakini kimashine cha kidole sio ushahidi wa mwisho, na hapa watu wengi wanajikwaa pande zote mbili. Vile vimashine vimetengenezwa kwa ajili ya wenye kisukari, na kiwango cha kimataifa kinaviruhusu kukosea hadi 0.83 juu au chini pale sukari inapokuwa chini ya 5.55. Yaani kikikuonyesha 3.0 sukari ya kweli inaweza kuwa 2.2 au 3.8, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Ongeza stripu zilizokaa kwenye joto, ongeza kidole chenye jasho au kilichooshwa hakijakauka. Kwa hiyo 2.1 ya dada yako pamoja na dalili zile naiamini, ila wa kunitumia picha ya 3.4 asubuhi bila dalili yoyote na kuniuliza kama ana insulinoma, huyo namwambia anywe chai aende kazini. Na kuna wanawake hasa wembamba na wenye umri mdogo ambao wakikaa na njaa muda mrefu sukari yao inashuka chini ya 3.0 na wako fiti kabisa, ubongo wao unatumia ketoni zinazotokana na kuchoma mafuta, namba peke yake haitoshi kumpa mtu ugonjwa.

Ushahidi ni damu ya mshipa iliyopelekwa maabara. Hapo napo pana mtego, damu ikiwekwa kwenye tyubu ya kawaida ikaachwa mezani chembe za damu zinaendelea kula sukari humo ndani, inapungua kama asilimia 5 hadi 7 kila saa na kwenye joto letu inaweza kuwa zaidi, ukichukua damu saa 2 asubuhi ikapimwa saa 8 mchana unaweza kupata sukari ya chini ya uongo. Ya sukari inawekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha kijivu, ile yenye floraidi, na ifike maabara haraka. Ya insulini na C-peptaidi (kipande kinachotoka kongosho pamoja na insulini) itenganishwe mapema na kuwekwa kwenye baridi, na kama chembe nyekundu zimepasuka kwenye tyubu, ule mwekundu mnauona kabisa kwenye maji ya damu, majibu ya insulini yanashuka kwa uongo, ichukuliwe nyingine.

Sasa tuje kwenye hicho kipimo cha insulini kilichorudi "kawaida", maana ndo kiini cha swali lako na naona kimewapotosha. Umenitumia karatasi: insulini 11, kiwango cha kawaida kinaanzia 2 hadi 25, hakuna sukari iliyopimwa pamoja nayo, na damu imechukuliwa saa 4 asubuhi baada ya chai na chapati. Hiyo karatasi haisemi kitu. Sio kwamba inasema hana ugonjwa, haisemi kitu chochote. Mtu aliyetoka kula chapati anatakiwa awe na insulini. Kile kiwango cha kawaida kilichochapishwa pembeni ni cha mtu ambaye sukari yake haijashuka, ukimkuta mtu ana sukari 2.2 na insulini 11, hiyo 11 ni ugonjwa hata kama kompyuta ya maabara imeipigia tiki, kwa sababu wakati ule ilitakiwa iwe chini ya 3. Insulini haisomwi peke yake hata siku moja, inasomwa pamoja na sukari ya dakika ile ile kutoka mkono ule ule. Nimeona watu wamebeba faili nene zenye insulini tano sita na hakuna hata moja iliyochukuliwa sukari ikiwa chini.

Na ndo maana ya kumlaza na kumfungisha. Hatumfungishi kumtesa, tunataka sukari ishuke mbele ya macho yetu, dripu iko mkononi na dawa iko mezani, ili tuchukue damu dakika ile ile. Tofauti na Ramadhani nyumbani ni kwamba pale wodini yuko mtu anayemwangalia. Kama hakuna mtu wa kumwangalia usiku basi kipimo kisifanyike hapo, hili nasema wazi kabisa, hospitali ikikwambia "afunge nyumbani halafu aje asubuhi ya siku ya tatu" kataa.

Ila kabla ya kufika huko kuna njia ya mkato ambayo sijui kwa nini haitumiki sana. Mwombe daktari awaandikie barua: dada akifika mapokezi ya dharura akiwa kwenye ile hali, nesi akishaweka kanula tu achote damu kwanza, tyubu ya kijivu na ya kawaida, ndo aingize dekstrozi, yaani sukari ya mshipani. Ni dakika moja. Damu hiyo ikisoma chini ya 3.0 na insulini na C-peptaidi zikipimwa kutoka humo humo, kule kulazwa siku 3 kunaweza kusiwe na haja tena. Hii ni kwa hospitalini tu lakini. Nyumbani mpeni sukari mara moja, msihangaike na tyubu, na akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni atapaliwa, mpakaze asali au sukari kidogo ndani ya shavu akiwa amelala ubavu huku mnakimbiza hospitali.

Halafu kuna yale ya kuondoa kwanza, na hapa nina jambo moja kuhusu mama yenu. Vidonge vyake vya kisukari ni vipi? Kama ni metfomini peke yake si rahisi vilete hali hii. Kama ni glibenklamaidi, ile wengi wanaijua kama Daonil, au gliklazaidi, au glimepiraidi, basi kabla ya yote hakikisheni dada hamezi hivyo kwa bahati mbaya. Sio tusi kwake wala sio kumtuhumu mtu. Dawa kwetu zinatolewa kwenye vibahasha vya karatasi, wawili mnakaa nyumba moja, mmoja ana dawa ya presha nyeupe ndogo mwingine ana Daonil nyeupe ndogo, inatokea. Vidonge hivi vinakamua insulini kutoka kongosho la mtu mzima na majibu ya damu yanatoka sawasawa na ya insulinoma, insulini juu, C-peptaidi juu, huwezi kutofautisha bila kuzitafuta dawa zenyewe kwenye damu au mkojo. Kuna watu wamepasuliwa kwa hili. Na sio vidonge vinavyojulikana tu, Singapore mwaka 2008 wanaume wengi walilazwa sukari imeshuka vibaya na wengine wakafariki, ikakutwa dawa za nguvu za kiume walizokuwa wananunua mtaani zilikuwa na glibenklamaidi ndani. Kwa hiyo muulizeni na unga wa mitishamba, dawa za kupunguza mwili, kila kitu, bila ukali maana mtu akiona anahojiwa kama polisi atakuficha.

Kwinini pia inashusha sukari kwa kuchochea insulini, kama zile siku alikuwa kwenye dripu ya malaria hizo hazihesabiki. Mshauri daktari apime kotisoli ya asubuhi, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, maana tezi hizo zikiharibika, na kwetu TB ni moja ya sababu, sukari nayo inashuka, ila mara nyingi huyo anakonda na presha inakuwa chini wakati dada yako kanenepa, na kunenepa huko kunaendana na mtu anayekula kila saa kujiokoa bila kujua anajiokoa. Vipimo vya ini na figo navyo vifanyike. Kama angekuwa anashuka baada ya kula tu na alishawahi kupunguzwa tumbo kwa upasuaji ningeongea mengine, sio yeye.

Haya, kufunga kwenyewe. Saa inaanza kuhesabiwa kuanzia mlo wa mwisho. Maji anakunywa, kinywaji kisicho na sukari wala kafeini ruksa, dawa zisizo za lazima zinasimamishwa (za kifafa haziguswi bila daktari kusema), na mchana anatembea tembea, asilale kitandani kama mgonjwa. Damu inachukuliwa kila baada ya saa 6, sukari ikishuka chini ya 3.3 inachukuliwa kila saa moja au mbili. Kila tyubu inaandikwa saa, na kila anapolalamika kitu kinaandikwa, anaulizwa leo siku gani, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa saba saba, mwalimu huyo atawaona wanamchezea lakini ndo tunajua ubongo umeanza kukosa sukari. Kinasimamishwa sukari ya maabara ikifika 2.5 au chini na dalili zipo. Kwa mtu kama yeye ambaye tayari ana yale masharti matatu ya Whipple, kama yamethibitishwa kwa damu ya maabara, wengi tunasimamisha ikishuka chini ya 3.0 tu. Zile saa 72 ndo mwisho kabisa, sio lengo. Kama thuluthi mbili ya wenye insulinoma wanashuka ndani ya saa 24 za kwanza na wengi sana kabla ya saa 48, na dada yako kwa jinsi unavyomweleza ambaye alasiri ya Ramadhani hafiki salama, mimi sitegemei afike usiku wa siku ya pili. Kwa hiyo "siku 3 bila kula" unayoiogopa kwake pengine itakuwa siku moja.

Wakati wa kusimamisha ndo tyubu muhimu zinachukuliwa na hapo ndipo nisingependa mtu awe na haraka ya kumpa juisi kabla. Sukari, insulini, C-peptaidi, proinsulini (insulini ambayo bado haijakamilika) kama maabara inayo, ketoni inayoitwa beta-haidroksibutireti, na uchunguzi wa zile dawa za kisukari. Kingamwili za insulini zinaweza kuchukuliwa siku yoyote. Kisha anachomwa glukagoni, homoni inayoliamuru ini kumwaga sukari, miligramu 1 kwenye mshipa na sukari inapimwa baada ya dakika 10, 20 na 30, ndo baadae anapewa chakula, na siku hiyo apewe pilau kabisa.

Namba zenyewe, sukari ikiwa chini ya 3.0: insulini 3 au zaidi kwa kipimo cha maikroyuniti kwa mililita, ambayo kwa pikomoli ni 18 (angalieni sana kizio, nimeona 18 ikisomwa kama 18 ya ile nyingine), C-peptaidi 0.2 nanomoli kwa lita au zaidi, maabara nyingine wanaandika 0.6 nanogramu kwa mililita ni kitu kile kile, proinsulini 5 pikomoli au zaidi, ketoni 2.7 au chini ya hapo, na glukagoni ikapandisha sukari kwa 1.4 au zaidi. Hizo mbili za mwisho watu wanazipuuza na mimi nazipenda kuliko zote. Insulini ikiwepo inazuia mwili kuchoma mafuta, kwa hiyo mtu kashinda na njaa siku nzima na ketoni hana, huo ni mkono wa insulini. Na inafungia sukari ndani ya ini, ndo maana glukagoni ikiingia ini linamwaga, wakati mtu wa kawaida aliyefunga hivyo ini lake limeshaisha. Hata kama kipimo cha insulini cha maabara yenu kina mushkeli, hizi mbili zinakwambia ukweli na ketoni sio kipimo cha gharama.

C-peptaidi ipo kwa sababu kongosho likitengeneza insulini linatoa na C-peptaidi pamoja, kiasi kwa kiasi, lakini insulini ya kichupa cha famasi haina C-peptaidi. Insulini juu C-peptaidi chini, mtu amechomwa au amejichoma. Insulini kubwa mno za kushangaza na kingamwili zipo, huo ni ugonjwa wa kinga ambao ulielezwa Japani mwaka 1970 na hauhitaji kisu. Insulini chini, C-peptaidi chini, na ketoni nazo chini wakati sukari iko chini, hapo tunatafuta uvimbe mkubwa mwingine unaotoa kitu kinachofanana na insulini, na kwetu ambako homa ya ini B ipo sana saratani ya ini ni mojawapo. Wenye figo zilizofeli C-peptaidi yao inapanda yenyewe, tahadhari. Na kama amefika saa 72 hajashuka, hana dalili, ketoni zimepanda vizuri, basi mrudisheni kwenye uchunguzi wa kifafa na moyo, insulinoma tunaiweka pembeni.

Picha zinakuja baada ya hapo. Najua mmeshafanya, na hamkukosea ninyi, ndo mlivyoelekezwa, ila tatizo la kuanza na picha ni la pande mbili. Uvimbe mdogo hauonekani kwenye altrasaundi ya juu ya tumbo, kongosho liko nyuma ya tumbo na utumbo wenye gesi, mpimaji anaandika "kongosho liko sawa" wakati mkia wake hajauona. CT nayo inategemea imepigwaje. Insulinoma inavuta ile dawa ya mshipani mapema sana halafu inaiachia, kwa hiyo lazima picha za mwanzo kabisa dawa inapoingia kwenye ateri zichukuliwe, na vipande viwe vyembamba, CT ya tumbo ya kawaida iliyopigwa mara moja dakika moja na zaidi baada ya dawa inaweza ikaupita kabisa. Chukueni CD yenyewe sio ripoti tu, mpelekeeni radiolojisti, daktari wa picha, mumuulize kama hatua ya ateri ipo. Upande wa pili ni kwamba CT inaweza kuonyesha kitu kwenye kongosho ambacho hakihusiani na sukari, mtu akapasuliwa kikatolewa na sukari ikaendelea kushuka.

Damu ikishathibitisha, mpangilio ni CT ya kongosho iliyopigwa inavyotakiwa au MRI, visipoona ndo altrasaundi ya ndani, ile ya mpira wa endoskopi unaopitia mdomoni hadi kwenye tumbo na mwanzo wa utumbo, kamera ya sauti inakuwa imegusana na kongosho kabisa, hiyo ni nzuri sana kwa vidogo hasa vya kichwani, ya mkiani inasumbua kidogo na inategemea mkono wa anayefanya. Kuna kipimo kingine kinachofanywa na radiolojisti wa mishipa, kinaingizwa kijimrija hadi kwenye ateri moja moja zinazolisha kongosho, inachomwa kalsiamu, na damu inachotwa kwenye mshipa wa ini, ateri ambayo ikichomwa insulini inaruka mara mbili ndo uvimbe uko upande wake. Na siku hizi kuna PET, skani ya dawa yenye mionzi, ya eksendini yenye galiamu 68 ambayo inashika vipokezi vya homoni ya GLP-1 vilivyojaa kwenye insulinoma, ndo bora kuliko zote kwa vile visivyoonekana, ila iko vituo vichache duniani. Msichanganye na PET ya DOTATATE ambayo ndo inayotangazwa zaidi, hiyo kwa insulinoma ya kawaida inakosa nyingi. Na visipoonekana kote, daktari wa upasuaji mzoefu akiwa na altrasaundi juu ya kongosho lenyewe tumbo likiwa wazi anaupata mara nyingi sana. Asichokifanya ni kukata nusu ya kongosho kwa kubahatisha.

Kuhusu India basi. Kulala na kufunga kunahitaji wodi, nesi wa usiku, na maabara inayoaminika, hivyo vinapatikana nchini kwenye hospitali za rufaa, ombeni rufaa Muhimbili muonane na daktari wa homoni, na kabla ya kulazwa muulize maabara yao C-peptaidi wanapima hapo hapo au wanatuma. Mkiondoka na karatasi zinazosema sukari 2.0, insulini 14, C-peptaidi juu, ketoni chini, dawa hakuna, mtaenda kwa ajili ya altrasaundi ya ndani na upasuaji tu kama hapa vitakwama. Mkienda na CT safi na ile insulini ya chapati, wataanza moja na mtalipa nyie hoteli wiki nzima dada yenu amelala anafunga kule kule.

Mengine madogo. Apimwe kalsiamu ya damu, ni rahisi, na mjiulize kama kwenye ukoo kuna mawe ya figo yanayojirudia au uvimbe wa tezi, maana wagonjwa wachache, chini ya 1 kati ya 10 hivi, wanarithi shida inayogusa tezi kadhaa na hao uvimbe unaweza kuwa zaidi ya mmoja, upasuaji wake unapangwa tofauti. Kwa sasa ale mara nyingi, viazi, uji mzito, muhogo, mkate na karanga, na ale kabla ya kulala na aamke usiku wa manane ale tena, asifunge Ramadhani ijayo hata siku moja maana mgonjwa ana ruhusa yake, asiendeshe, na walimu wenzake waambiwe wazi kwamba akianza kuongea ovyo ni juisi kwanza. Ipo dawa inaitwa diazoksaidi ya kuzuia insulini wakati anasubiri upasuaji, ila isianzwe kabla ya kufunga wodini maana itaficha majibu. Na zile za kifafa asiziache ghafla hata kama mnaamini hana kifafa, zikiachwa ghafla zenyewe zinaleta degedege, atapunguziwa taratibu sukari ikishatengemaa.

Nitumie jina la vidonge vya mama, piga picha na vibahasha vyote viwili.